Baba Alikuwa Wapi?

Bibi yangu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, nasi wajukuu tuliiogopa kuliko zote. Paukwa, pakawa. Binti kafiwa na mama yake. Baba kaoa tena. Mama wa kambo anamtuma binti kisimani na mtungi uliotoboka, anamlaza jikoni, anamnyima chakula, na mwisho anamuua na kumfukia pembezoni mwa shamba. Mvua ikinyesha, juu ya kaburi panaota nyasi ndefu kupita nyingine zote, na kila anayekwenda kuzikata anazisikia zikiimba kwa sauti ya marehemu, zikimtaja muuaji. Hadithi hii ina ndugu zake wengi Afrika Mashariki. Kwingine anayeimba ni mti, kwingine ni ndege. Sisi tuliamini ni ya Bibi peke yake.

Jioni moja binamu yangu, ambaye hakuwahi kuwa na adabu ya kusikiliza hadithi, akamkatiza. "Bibi, na baba yake alikuwa wapi siku zote hizo?"

"Alisafiri," Bibi akasema, akaendelea na wimbo.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba Bibi mwenyewe alikuwa mama wa kambo. Babu alimwoa akiwa na watoto watatu aliowaacha marehemu mkewe, na Bibi ndiye aliyewalea hadi wakaoa na kuolewa. Binamu yangu yule muulizaji alikuwa mtoto wa mmoja wao. Kwa hiyo jioni zile mama wa kambo alikuwa akiwasimulia wajukuu wa kambo jinsi mama wa kambo anavyoua watoto, na hakuna aliyeona ajabu, hata yeye.

Kwenye mabanda ya video tuliyokulia, nadharia ya fasihi ilikuwa nyepesi: kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi. Adui anakufa mwishoni, na kadiri anavyokufa vibaya ndivyo unavyoridhika kwamba kiingilio chako hakikwenda bure. Adui wa kiume alipewa mambo makubwa. Alitaka madini, alitaka ikulu, alitaka kulipua mji mzima. Adui wa kike mara nyingi alipewa nyumba tu: alimtaka mume wa mwenzake, alitaka mirathi, alitaka mtoto fulani asile. Njoo kwenye filamu zetu za Dar es Salaam na tamthilia za Nairobi, orodha ni ile ile: mama wa kambo, mama mkwe, wifi, na siku hizi mchepuko. Wote vita vyao ni vya ndani ya kuta nne. Na karibu kila mara kuna mwanamume ndani ya kuta hizo hizo ambaye haoni kitu. Yuko kazini, yuko safarini, au yuko sebuleni na rimoti mkononi wakati mwanawe analala njaa chumba cha pili. Akija kugundua analia, tunamhurumia, muziki unapanda.

Mimi nadhani huyo mwanamume ndiye anayemharibu adui wa kike. Mwandishi anapomwondoa baba katika hesabu, lazima kosa la baba libebwe na mtu, na anayebebeshwa ni mwanamke aliyeingia nyumbani mwisho. Basi anakuwa mwovu kupita kiasi kwa sababu anatenda maovu ya watu wawili. Hana haja inayoeleweka wala mizani. Anapiga, anasonya, anacheka peke yake mbele ya kioo.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko Ujerumani, tena kwa maandishi. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu ya kwanza ya hadithi zao mwaka 1812. Katika toleo hilo malkia anayetaka Snow White auawe, anayeagiza aletewe mapafu na ini la mtoto kisha akayala kwa chumvi, ni mama mzazi. Ndiye yule yule aliyetamani apate mtoto mweupe kama theluji. Katika toleo la pili la mwaka 1819, mama mzazi anafariki mwanzoni kabisa, na malkia mwovu anakuwa mke wa pili. Kioo cha uchawi ni kile kile na tufaha la sumu ni lile lile. Kilichobadilishwa ni udugu wake na mtoto. Hansel na Gretel, watoto wa hadithi nyingine ya ndugu hao, yaliwakuta hayo hayo. Mwaka 1812 anayetoa wazo la kuwatupa msituni ni mama yao. Kufikia toleo la 1840 keshakuwa mama wa kambo.

Si vigumu kuona sababu. Kitabu kilikuwa kinaingia majumbani, kinasomewa watoto, na mama wa kumzaa mtu hawezi kuwekwa hivyo mbele ya mwanawe. Sisi tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na methali hiyo, kwa uzuri wake wote, hufanya kazi ile ile ya kalamu ya Wilhelm Grimm: inamsafisha mmoja na kumtilia shaka mwingine kabla hajafungua mzigo wake.

Sasa mwangalie baba wa Hansel na Gretel, maana hapo ndipo pana utamu. Ni mkata kuni maskini, nchi ina njaa, mkate umekwisha. Mkewe anamshawishi, yeye anasononeka, kisha anakubali. Hiyo ndiyo sehemu inayokumbukwa. Lakini watoto wanapoachwa msituni hawahangaiki mapema kwa sababu wanasikia shoka likilia karibu, wanajua baba yupo. Shoka halipo. Ni tawi lililofungwa kwenye mti mkavu ili upepo ulipigize huku na huku. Na aliyelifunga ni baba. Alikaa akafikiri namna ya kuwadanganya wanawe, akatafuta tawi linalofaa, akalifunga kwa mikono yake. Mwisho wa hadithi watoto wanarudi na lulu mifukoni, mama wa kambo kafa bila hata kuelezwa alikufa kwa nini, na baba anakumbatiwa. Mkono uliofunga tawi ndio unaopokea lulu.

Kuna nyingine katika mkusanyiko huo huo, ile ya mti wa mreteni, ambayo sikushauri uisome usiku. Mama wa kambo anamuua mtoto wa kiume kwa kifuniko cha sanduku la matufaha, anampika, na baba anarudi nyumbani na njaa zake. Anakula. Anasifia chakula, anaomba aongezwe, anakula hadi kumaliza. Dada mtu, ambaye ni binti wa huyo huyo muuaji, anakusanya mifupa chini ya meza. Kisha ndege anaimba juu ya mti, kama nyasi za Bibi zilivyoimba, anamtaja muuaji, na anagawa zawadi: jiwe la kusagia linamwangukia mama kichwani, na baba anadondoshewa mkufu wa dhahabu. Baba aliyeuliza mwanangu yuko wapi, akaambiwa kasafiri kwenda kwa ndugu, akarudia kijiko chake, ndiye anayevishwa mkufu.

Hadithi ya mreteni, hata hivyo, ina jambo moja ambalo nyingi hazina: inataja hesabu. Mama yule kila akimtazama mtoto wa kiume anafikiria namna mali yote itakavyokuwa ya binti yake. Uovu wake umetoka kwenye mirathi, na mirathi si jambo la kubuni. Kwa karne nyingi, huko Ulaya na huku kwetu, wanawake walikufa uzazini, wanaume wakaoa tena, na mke wa pili akaingia katika nyumba ambayo watoto wa mwenzake wametangulia kupata haki. Mume akifa, yeye na wanawe watalala wapi? Kwetu yakaongezeka ya uke wenza, ambapo mama wa kwanza hajafa hata kidogo, yuko nyumba ya pili anasikiliza. Ndiyo maana katika familia nyingi mke mwingine wa baba anaitwa mama mdogo au mama mkubwa mbele ya macho yake, na "wa kambo" linatoka akishageuza kisogo. Neno hilo limekaa vizuri kwenye lugha, maana tuna baba wa kambo na ndugu wa kambo pia. Hadithi tulizorithi juu ya baba wa kambo katili ziko ngapi, ilhali mababa wa kambo wa kweli wamejaa mitaani na wengine wana mkono mzito?

Hofu yenyewe ni ya zamani mno. Hesiodo wa Ugiriki, katika utenzi wake juu ya kazi za shamba, anasema siku huwa mara mama, mara mama wa kambo. Euripides, mtunzi wa tamthilia wa huko huko Ugiriki, mwaka 438 KK anamweka jukwaani mwanamke aitwaye Alcestis anayekaribia kufa ili mumewe aishi. Ombi lake la mwisho ni mume asioe tena, kwa kuwa mama wa kambo kwa watoto waliotangulia si mpole kuliko nyoka. China ya karne ya 9 kulikuwa na Ye Xian, yatima ambaye mama wa kambo anamuua samaki wake mpendwa na kumla. Baba wa Ye Xian naye keshakufa, hayumo katika maneno.

Lakini ni huyo huyo Euripides aliyeonyesha namna nyingine. Miaka saba baadaye, mwaka 431 KK, alileta tamthilia ya Medea kwenye mashindano ya Athens akashika nafasi ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho. Jason kamwacha mkewe amwoe binti wa mfalme wa Korintho. Medea anapanga, anamwomba mfalme siku moja tu ya kujiandaa na uhamisho, na siku hiyo moja inamtosha. Anawatuma wanawe na zawadi ya vazi na taji vyenye sumu. Binti mfalme akiwaona watoto anageuza uso kwa kinyaa, hadi Jason ambembeleze. Laiti hadithi ingesimuliwa kutoka upande mwingine, huyo bibi harusi ndiye angekuwa mama wa kambo wetu, anawanyima watoto uji. Euripides hakutaka urahisi huo. Mauaji yanafanywa na mama mzazi, kwa akili timamu, baada ya kusitasita na kubadili nia mbele yetu, akijua kabisa ubaya wa anachokwenda kufanya. Ipo simulizi nyingine ya kale inayosema watoto wale waliuawa na watu wa Korintho. Mwandishi akiwa na njia hiyo ya kumsafisha Medea, hakuishika.

Na baba yuko wapi? Yuko pale pale jukwaani, anatoa hoja. Jason anaeleza kwa utulivu kwamba ndoa mpya ni kwa faida ya watoto, kwamba Medea amefaidika sana kuletwa kuishi Ugiriki, kwamba tatizo la wanawake ni wivu. Umewahi kumsikia mwanamume akiongea hivyo kwenye kikao cha usuluhishi wa ndoa, kapiga pasi, kaleta na mashahidi. Kwa kuwa Jason yupo na anasikika, Medea habebi kosa la mtu. Anabeba lake, nalo linatosha kututia baridi. Yeye ndiye aliyewaambia wanawake wa mji kwamba afadhali asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Mwisho anaondoka juu ya gari la babu yake, mungu Jua, na maiti za wanawe kakataa hata kumruhusu Jason aziguse. Hakuna viatu vya chuma cha moto kama vile alivyovalishwa malkia wa Snow White akacheza navyo hadi kufa. Anaondoka tu, na sisi tunabaki hatuna pa kuweka hasira zetu.

Cha kuchekesha ni kwamba hekaya za Wagiriki zinampeleka Medea Athens, anaolewa na mfalme Aegeus, na huko anajaribu kumpa sumu Theseus, mtoto wa mumewe. Yaani anakuwa mama wa kambo wa kawaida. Sehemu hiyo karibu hakuna anayeijali. Kikombe cha sumu, baba anagundua dakika ya mwisho, mwanamke anafukuzwa. Tumeshaiona filamu hiyo.

Wa pili ninayemheshimu ni mke wa Macbeth, katika tamthilia ya Shakespeare. Waliosoma fasihi wanaweza kuwa walikutana naye katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, Makbeth kwa "k". Shuleni kwetu mjadala ulikuwa mmoja kila mwaka: nani mwenye makosa? Na kila mwaka darasa zima, wavulana kwa wasichana, liliamua kwamba mwanamke ndiye aliyemponza. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Lakini rudi kwenye maandishi. Macbeth amekutana na wachawi na wazo la kumuua mfalme limeshamtetemesha kabla mkewe hajapokea barua. Mke anamsukuma, ndiyo, anawaita pepo wamwondolee uanamke wake, anaweka majambia tayari, anawapaka damu walinzi waliolala. Hilo ni lake, na ni zito. Baada ya hapo mumewe anamweka kando. Mauaji ya Banquo, rafiki wa Macbeth, anamficha, anamwambia kwa mapenzi asijisumbue kujua. Kuuawa kwa mke na watoto wa Macduff hakupangi wala haagizi. Anakuja kulisikia, halafu anatembea usingizini akiuliza mke wa yule bwana wa Fife, ndiye Macduff, yuko wapi sasa. Katika tamthilia nzima muuaji mmoja tu ndiye anayeulizia habari za maiti.

Kuna mstari mwingine darasa letu liliuruka. Anasema angemuua mfalme kwa mkono wake mwenyewe, ila mzee yule akiwa amelala alifanana na baba yake. Shakespeare hasemi zaidi. Hatumjui huyo baba, alikuwa mwema au katili, yu hai au kafa. Sentensi moja, na ghafla mwanamke huyu ana utoto, ana nyumba aliyotoka. Ningetoa filamu kumi za mama wa kambo kwa sentensi hiyo moja.

Historia yenyewe ina kejeli yake. Mke wa Macbeth wa kweli aliitwa Gruoch. Mume wake wa kwanza, Gille Coemgáin, alichomwa moto pamoja na watu wake mwaka 1032, na alikuwa amemwachia mtoto wa kiume, Lulach. Macbeth akamwoa mjane, akawa mfalme kuanzia 1040 hadi alipouawa 1057, na aliyerithi kiti ni Lulach, naye akauawa mwaka 1058. Kwa maneno mengine, Macbeth alikuwa baba wa kambo, na mtoto wake wa kambo ndiye aliyemfuata kwenye kiti. Shakespeare hakumhitaji Lulach, akamwacha nje.

Siku hizi upepo umegeuka na adui wa kike anatetewa. Wicked, kutoka riwaya ya 1995 hadi jukwaani 2003 na sinema 2024, inatueleza kwamba mchawi wa kijani wa hadithi ya Oz alionewa. Filamu ya Maleficent ya 2014 inatueleza kwamba aliyemlaani Aurora, yule binti mfalme anayelala usingizi wa laana, alikatwa mabawa na mwanamume aliyemwamini, na busu la upendo wa kweli linalomwamsha binti linatoka kwa huyo huyo aliyemlaani. Nililipenda busu hilo, na nilipenda kwamba kwa mara moja baba hakusafiri: Stefan, baba wa Aurora, yupo, na ndiye mkosaji aliyekata mabawa. Ila nilitoka na kinyongo kidogo. Zamani mwanamke alibebeshwa kosa la mwanamume. Sasa kosa lake mwenyewe linachukuliwa na kupewa mwanamume, na yeye anabaki na jeraha tu. Kumwonea mtu huruma hakujamwongezea akili. Medea naye alikatwa mabawa, lakini Euripides hakumvua kisu.

Kwa waandishi wetu wa riwaya sina malalamiko makubwa. Waliliona jambo hili mapema kuliko watu wa filamu. Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alichukua msichana ambaye kila mtaa ungemwita mharibifu, akafuata nyayo zake hadi nyumbani kwa Zakaria, baba mlevi na mwenye fimbo, na hakumruhusu ajifiche. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Said Ahmed Mohamed katika Utengano ya 1980 alimwumba Kazija, mwanamke anayemkubali baba na mwana kwa wakati mmoja na kuwakutanisha. Ukimtoa Bwana Maksuudi, ndiye baba huyo, humo, Kazija ni kahaba mchonganishi wa kwenye vibandiko vya filamu. Ukimrudisha, na unafiki wake wote wa mbele za watu, Kazija ana akili, ana shabaha, na unasoma ukitaka afanikiwe huku ukijua kuna watoto watakaoumia.

Watengenezaji wa filamu hutetea kwamba watazamaji wanataka mtu wa kumchukia. Ni kweli, na mwigizaji akimcheza vizuri mama wa kambo atazomewa hata sokoni anakonunua nyanya. Sisemi tuwafute. Mimi mwenyewe napenda adui mzuri wa kike kuliko stelingi yeyote. Ninachotaka ni jambo dogo la kiufundi: mrudisheni baba ndani ya nyumba. Mkalisheni mezani. Sahani ya mtoto ikiwa tupu, kamera impite mama, imwangalie yeye anavyoiona sahani hiyo na kuendelea kutafuna. Kisha mruhusuni mama wa kambo afanye ubaya wake, na tuone kama bado atahitaji kucheka peke yake mbele ya kioo.

Nikimrudia Bibi, nadhani nilimdharau. Nilidhani "alisafiri" ni jibu la kumnyamazisha mtoto. Lakini Babu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, mkataba juu ya mkataba, na nyumbani alionekana kama mvua za mwaka wa ukame. Harusi ilikuwa haijapoa aliporudi kazini. Bibi alibaki na watoto watatu asiowazaa, na shamba, na nyasi za kukata.